Kaka Yangu Hayumo Kwenye Fomu

Juni 11

Barua ya chuo imefika leo, pamoja na ile karatasi yao ya kuombea viza. Nimekubaliwa Nebraska, Marekani, shahada ya pili, nikasomee miamba na milima inayoporomoka. Baba aliipokea mlangoni mwa karakana, mikono imejaa masizi, akaishika kwa ncha za vidole. Kiingereza hajui. Alitafuta jina letu tu, Tamrakar, akalipata, akaligusa, akanirudishia. "Haya," akasema, akarudi kwenye mtungi wa shaba aliokuwa akiufua.

Mama alilia. Kisha akaanza kupanga achari gani nimpelekee kaka aliye huko na chupa ipi haitavuja njiani.

Jioni mvua ya kwanza ya msimu.

Juni 13

Mvua.

Juni 16

Nimeshuka Butwal kwa wakala wa viza. Ofisi yake iko juu ya duka la viatu, ukutani picha za vijana wameshika pasipoti, wote wanacheka. Bwana Lokendra ni mtu mpole, hakuulizi neno kabla hujanywa chai yake. Alikaa yeye kwenye kompyuta, mimi pembeni. Aliuliza, nikajibu, akaandika. Jina la baba, jina la mama, shule. Tukafika kwenye swali la ndugu: je, mwombaji ana ndugu wa tumbo moja aliye Marekani? Kabla sijafungua mdomo alikwishabonyeza "Hapana".

Nikamwambia ninaye. Kaka yangu Bhuwan yuko huko mwaka wa tisa sasa.

"Makaratasi yake yako sawa?"

Nikaitazama chai yangu.

"Basi huna kaka," akasema bila kugeuka.

Hakusema kwa ubaya. Alinieleza taratibu, kama daktari anavyomweleza mgonjwa: kaka yangu alikwenda kwa viza hii hii ninayoiomba mimi, akaacha masomo, akabaki. Ofisa akiliona hilo hataniona mimi, atamwona yeye. Mwisho akanisogezea kompyuta, maana sahihi lazima aitie mwombaji kwa mkono wake mwenyewe. Nikabonyeza.

Nimerudi Tansen basi likipanda ndani ya wingu. Nyumbani wakauliza imekuwaje. Nikasema imekwenda vizuri.

Juni 20

Hapa mtaani kaka yangu ni mhandisi. Wanaojua kwamba aliosha vyombo hotelini na sasa ni mpishi wa hoteli hiyo hiyo ni watu watatu, na wote tunaishi nyumba moja. Leo mama Sanumaya, jirani wa ng'ambo ya njia, ameniambia nina bahati ya kufikia kwa mhandisi. Nikacheka naye.

Juni 22

Mvua. Nguo hazikauki.

Juni 29

Leo ni siku ya kula mtindi na pepeta, wakulima wanapanda mpunga huko bondeni. Sisi hatuna shamba lakini tunakula. Kaka alipiga simu, mama akaiweka simu mbele ya bakuli ili aone. Kaka akasema mtindi wa huko hauna ladha. Baba aliinuka akaenda karakana, kama afanyavyo kila kaka akipiga. Nilipokuwa mdogo nilidhani ana kazi nyingi.

Mama akafuta kioo cha simu kwa upindo wa sari, akamfuta mwanawe usoni.

Julai 3

Mahojiano ni tarehe 18, saa mbili na nusu asubuhi, Kathmandu. Bwana Lokendra ananifundisha majibu kwa simu. Nikijibu haraka anasema nimekariri. Nikijibu polepole anasema natunga.

Julai 5

Anjila, tuliyesoma darasa moja, amerudi kutoka ubalozini amekataliwa. Alishuka kwa pikipiki ya mjomba wake akapita soko zima hajavua kofia ya pikipiki. Watu wakamjua kwa viatu.

Julai 7

Leo Bwana Lokendra amesema tumalize jambo moja. Ofisa akiuliza kwetu tuko wangapi, nijibu mimi ni mtoto wa pekee. "Fomu na mdomo viseme kitu kimoja." Simu ilikuwa wazi, baba na mama wanasikia.

Nilipokata nikasema siwezi kulitamka hilo. Baba alikuwa anakula. Hakunyanyua macho.

"Utalitamka."

"Baba, ni kaka yangu."

"Bibi yako alilala kitandani miezi mitano akimtaja. Alikuja? Tulipouchoma mwili wake kule mtoni nani alishika moto, si mimi peke yangu? Aliyetuacha si ndugu. Sema huna, na utakuwa hujasema uongo."

Mama akainuka na sahani yake haijaisha, akaingia jikoni. Nilimsikia akisugua sufuria iliyokuwa safi. Nilimchukia baba leo, naandika ilivyo. Nilimwaza mama, miaka tisa ya kufuta kioo cha simu, na mume anayesema mwanawe hayupo.

Julai 8

Nimempigia kaka mwenyewe. Nilipanda juu ya paa, chini ya kibanda cha bati, mvua ikipiga hata ikabidi nizibe sikio moja. Kwake ilikuwa jioni, ametoka kazini, ameketi kwenye ngazi za nje.

Nikamweleza yote, fomu na maneno ya baba. Nilitegemea akasirike. Akauliza tu, "Na wewe unaonaje?"

"Naona aibu."

Akasema, "Nirju, mwaka ule wa pili nilipofeli, unajua nilifunga begi?"

Sikujua.

"Nilifunga begi, nikampigia mama, nikamwambia nakuja. Akasema usije. Akasema watu wamekwisha kula peremende za kukupongeza, bibi yako hoi, ukiingia mikono mitupu utamwua, na mimi nitaiweka wapi sura yangu. Kaa kidogo, mambo yatatengenea. Basi nikakaa kidogo." Akacheka kidogo. "Hicho kidogo ndicho hiki mpaka leo."

Nikamuuliza kama baba anajua.

"Mama aliniomba nisimwambie. Baba anadhani nilikataa mwenyewe. Viza ilipokwisha, nikawa hata nikitaka kuja, nikitoka ndiyo nimetoka, siruhusiwi kurudi tena. Bibi alipokufa nilikaa hapa hapa kwenye ngazi."

Ndipo akaniambia neno ambalo sijaacha kulisikia tangu asubuhi:

"Ukiulizwa, nitaje."

Nikamwambia huenda ikamdhuru. Akasema jina lake wanalo tangu siku aliyotua, wakimtaka watamkuta jikoni, hajajificha popote. "Huku sipo kwenye karatasi yoyote. Huko kwetu aliyepo ni mhandisi mmoja nisiyemjua. Usiniondoe na wewe."

Nilishuka. Mama alikuwa anachambua dengu kwenye ungo. Akaniuliza mbona macho mekundu, nikasema moshi. Alinipa nafasi kwenye mkeka, nikaketi, nikachambua naye. Nilimtazama mikono. Ni mikono ile ile.

Julai 9

Mvua. Sikuongea na mtu.

Julai 12

Baba ameninunulia viatu vyeusi vya kwenda navyo. Aliviacha mlangoni. Vinabana kidogo. Nimemwambia vimenikaa sawasawa.

Julai 15

Nimeondoka siku tatu kabla kwa sababu ya barabara. Mama alinifunga uzi mkononi na kunipaka mtindi na mchele wa baraka kwenye paji la uso. Baba alinisindikiza mpaka kituoni akiwa na mwavuli, akanishikia mimi mwavuli, yeye akalowa. Basi lilipowashwa akasema dirishani, "Kumbuka nilivyokwambia." Nikatikisa kichwa. Sijui alielewa ndiyo au hapana.

Julai 16

Tumekwama baada ya Narayanghat. Mlima umeshuka barabarani, magari yamejipanga mpaka macho yanapofika. Abiria mmoja, mzee wa kuuza mbuzi, anasema mlima ukishiba utaacha. Nimeutazama ule mlima saa nzima. Umekatwa mguu ili barabara ipite, halafu maji yakaingia kwenye ufa wa juu. Ningeweza kumwonyesha mtu ufa ulipoanzia. Hilo ndilo ninalotaka kulisomea, si kingine. Sikuwa nimelifikiria hivyo tangu wakala aanze kunifundisha kulisema.

Julai 17

Asubuhi tumevuka kwa miguu, wanajeshi wametufungia kamba, tope hadi magotini, viatu nimevishika mkononi. Ng'ambo ya pili nikapata basi lingine. Nimefika kwa binamu ya mama hapa Kathmandu saa tisa mchana. Nimeoga, lakini tope la kwenye kucha za mikono halitoki.

Julai 18

Naandika kwenye bustani ya hekalu, binamu yuko kazini. Nataka niandike kabla sijaanza kulipamba.

Tulikuwa kama arobaini ndani ya ubalozi. Mbele yangu kijana mmoja alikuwa ananong'ona majibu yake kama sala. Aliitwa, akarudi na pasipoti mkononi baada ya dakika mbili, maana yake amekataliwa. Wanaokubaliwa pasipoti hubaki.

Niliitwa dirisha la sita. Ofisa alikuwa mwanamke wa umri wa mama, miwani imening'inia shingoni. Akauliza kwa nini Nebraska. Nilianza jibu la Bwana Lokendra, nikaliacha katikati, nikamweleza mlima wa juzi: mguu uliokatwa, ufa wa juu, kamba ya wanajeshi. Akanitazama. Akauliza kama ndilo tope lile, akaonyesha kucha zangu. Nikasema ndilo. Akatabasamu, akaisogeza pasipoti yangu kushoto kwake, mahali nilipoona zimelala nyingine tatu.

Kisha, akiwa anaandika, akauliza kama mtu anayemalizia tu, "Kwenu mmezaliwa wangapi?"

Nilimwona baba amelowa pale kituoni. Nikajua nikisema mmoja, nimekwenda. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu.

"Wawili," nikasema. "Nina kaka. Yuko Marekani."

Mkono wake ukasimama. Akatazama kompyuta. Akauliza mbona fomu inasema hapana. Ningeweza kumtaja wakala. Nikasema sahihi niliitia mimi, na ni kosa. Akauliza kaka yangu anafanya nini huko, nikasema ni mpishi. Ana ruhusa? Nikasema alikwenda kusoma, akaacha, hana.

Alivaa miwani, akaivua. Akasema ameshukuru kwamba nimemwambia, lakini leo hawezi kunipa viza, na sababu imeandikwa kwenye karatasi. Naweza kuomba tena nikitaka, na safari hiyo fomu niijaze mwenyewe. Akaitoa pasipoti yangu kwenye zile nyingine, akanipitishia chini ya kioo.

Nje nikampigia Bwana Lokendra. Nilimngoja anifokee. Alivuta pumzi ndefu. "Mimi nilikataliwa mara nne, binti," akasema. "Mara zote nne nilidanganya. Kwa hiyo sijui nikwambie nini."

Kaka nilimwandikia neno moja: Nimekutaja. Hajajibu.

Julai 21

Nimefika nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja karakana. Baba alikuwa na kipande cha shaba motoni, akakitoa, akakiweka chini, akangoja. Nikamwambia kila kitu isipokuwa siri ya mama.

"Ulikuwa umekwisha kupata?" akauliza.

"Nadhani nilikuwa nimepata."

Akakirudisha kile kipande motoni. "Basi yeye na wewe, nimewakosa wote wawili," akasema.

Julai 22

Mama hasemi nami. Zile chupa za achari amezipanga upya rafuni, moja moja.

Julai 24

Mvua. Baba na mama hawasemezani, mimi nabeba maneno: mwambie chakula tayari, mwambie sili.

Julai 27

Leo mama amesema. Nilikuwa nafua, akasimama nyuma yangu. Akasema nimejikosesha mwenyewe, sawa, lakini kumtaja kaka yangu kwa watu wa serikali ni kumtia kitanzi. Akasema mtoto aliyelelewa vizuri hufunika ya nyumbani. "Wewe huna uchungu naye. Ungekuwa nao ungenyamaza."

Maneno yalinifika hadi kwenye meno. Ningesema tu: nani aliyemwambia asije? Nilikamua ile nguo mpaka ikaacha kutoa maji. Kisha nikamgeukia, nikaona anatetemeka kidevu, nikaelewa kwamba hasemi na mimi. Miaka saba amekuwa akijisemesha mwenyewe, na leo kwa bahati mimi ndiye niliyesimama mbele.

Sikusema. Sijui kama ni wema au uoga.

Agosti 2

Mvua siku nne mfululizo. Njia ya juu ya mtaa wetu imepata ufa, upana wa viganja viwili. Mhandisi wa manispaa alikuja akautazama kwa mwavuli. Nikamwambia tupige vigingi pande zote mbili tupime kila asubuhi tuone kama unapanuka. Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema binti wa mfua shaba.

Agosti 6

Ufa: umeongezeka upana wa kidole.

Agosti 9

Vidole viwili. Familia tatu zimehamia shuleni, na ya mama Sanumaya imo. Alibeba redio na picha ya marehemu mumewe. Huko shuleni amewaambia wote kwamba nimekataliwa kwa sababu sura yangu haina bahati. Baadaye akaniletea chai.

Agosti 12

Saa kumi na moja alfajiri njia ya juu imeshuka. Imechukua choo cha mama Sanumaya na ukuta wa jikoni. Hakuna mtu aliyeumia. Baba alikuja akasimama karibu na vigingi vyangu vilivyobaki, akavitazama kwa muda. "Hiki ndicho unachotaka kwenda kusomea?" Nikasema ndicho. Akasema alidhani ni mambo ya mawe tu.

Agosti 19

Kaka amepiga. Hakumwomba mama, aliniomba mimi, kisha akasema weka wazi wasikie wote. Baba alikwishainuka aende karakana.

"Baba, kaa," kaka akasema kwenye simu. Sijui alijuaje. "Nimekata tiketi. Nakuja mwezi ujao. Nikitoka sitaweza kurudi huku miaka mingi, najua. Nimechoka kukaa kidogo."

Mama alishika ukuta. Baba alikaa, lakini sakafuni, pale pale alipokuwa.

Agosti 23

Nilidhani mama atafurahi. Hali chakula. Anasafisha nyumba iliyo safi. Jana nilimkuta ameketi kwenye kitanda cha zamani cha kaka, ameshika foronya, mto bado hajauvika.

Chuo wamejibu: nafasi yangu inaweza kungoja mpaka Januari.

Septemba 4

Baba alikuwa kwa kinyozi, mtu akamuuliza habari za mhandisi. Baba, sabuni shavuni, akasema, "Mwanangu ni mpishi. Alikuwa muosha vyombo. Anarudi tarehe ishirini." Kinyozi mwenyewe amenihadithia. Anasema aliuinua wembe kwanza, asije akamkata.

Septemba 10

Mvua inapungua. Nimeanza kujaza fomu mpya, mwenyewe. Kwenye swali la ndugu nimesimama, nimeizima kompyuta. Nitaijaza akishafika, nijue nitaandika nini.

Septemba 20

Amekuja.

Nilikwenda kumpokea kituoni peke yangu, baba na mama hawakuthubutu. Akashuka mtu mnene kidogo, nywele zimerudi nyuma, begi moja. Nilimpita nikatazama waliomfuata. Yeye ndiye aliyeniita. Alinikumbatia, ananuka sabuni ngeni. Tukaanza kupanda, yeye mbele, akasema njia anaijua. Pale panapogawanyika, ile ya juu iliposhuka, akasimama kwenye mchanga mwekundu. Akatazama huku na huku.

"Nirju," akasema, "kwetu ni wapi?"

Nikapita mbele.

Baba alikuwa mlangoni, mikono ameiosha hadi imekwaruzika. Kaka akainama kumgusa miguu kwa heshima, baba akachelewa kumwinua, au hakutaka kumwinua haraka, sijui. Mama alibaki jikoni. Kaka akaingia akamkuta anageuza kitu ambacho kilikuwa kimeiva zamani.

Tuliketi kula, wao wawili kwenye mikeka, mimi kando, mama amesimama na upawa. Baba aliuliza safari, kaka akasema ndefu. Mama akamtilia wali, akamtilia mboga. Kisha akasimama hivyo hivyo, upawa mkononi.

"Mwaka ule alitaka kurudi," akasema. Alikuwa anamtazama baba, si kaka. "Alifunga begi. Mimi ndiye niliyemwambia asije. Niliogopa watu. Na wewe nilikuacha ukidhani amekataa."

Mkono wa baba ulisimama juu ya sahani. Nilisikia maji yakidondoka kutoka ukingo wa paa, tone, tone. Kaka alitazama chini. Nilidhani baba atainuka aende karakana, na nadhani sote watatu tulikuwa tunamngoja ainuke. Uso wake ulikwenda mahali mbali, ukapitia miaka yote ile, simu kwa simu, ukarudi.

Hakuinuka. Alikanda tonge lake, akalila, akameza kwa shida.

"Dengu," akamwambia mama. "Mwongezee dengu. Wali wake umekauka."